Kuchagua Mikroinveta za Sola ya Nyumbani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

"Nina paneli za wati 450, nichukue mikroinveta ya wati ngapi?" "Umeme ukikatika nitaendelea kuwa na taa?" "Ya paneli moja na ya paneli nne, ipi bora?" Maswali haya hayaishi, na kila anayeuliza hutarajia jibu la mstari mmoja. Jibu hilo halipo, ila kazi yenyewe si ngumu ukiifuata kwa mpangilio.

Shika jambo moja kabla ya yote: wati ndizo zinazoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi, nazo ndizo za mwisho kuangaliwa. Volti na ampea ndizo zinazosema kama mikroinveta itaelewana na paneli yako. Gridi ndiyo inayosema kama itaelewana na nyumba yako. Hayo yakikaa sawa, suala la wati huwa dogo.

Nadharia nakupa kidogo tu. Paneli hutoa umeme wa DC (mkondo mnyoofu), nyumba hutumia AC (mkondo geu). Inveta ya kawaida hufungwa ukutani na kupokea paneli nyingi zilizoungwa mfululizo, volti zake zikijumlishwa hadi kufikia mamia. Mikroinveta hufungwa chini ya paneli yenyewe, huko huko paani, na kinachoshuka kwenye waya ni AC ya kiwango cha nyumba. Kila paneli, au kila kundi dogo la paneli, linajitegemea. Basi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Karatasi ya vipimo ya paneli yako. Iwe ya modeli hiyo hasa, herufi kwa herufi. Paneli mbili za kampuni moja na wati zile zile zinaweza kupishana volti kumi.
- Karatasi ya vipimo ya kila mikroinveta unayoifikiria, pamoja na mwongozo wake wa ufungaji. Karatasi ya matangazo haitoshi.
- Mchoro wa paa: pande zake, mwelekeo wa kila upande, na mahali kivuli kinapopita asubuhi, mchana na jioni. Kalamu na karatasi vinatosha.
- Taarifa za umeme wa nyumba: fezi moja au tatu, volti, herzi, ukubwa wa breka kuu, na nafasi zilizobaki kwenye kisanduku cha breka.
- Masharti ya shirika lako la umeme kuhusu kuunganisha sola kwenye gridi.
- Joto la chini kabisa linalofikiwa eneo lako, hata kama hutokea usiku mmoja tu kwa mwaka.
- Fundi umeme mwenye leseni. Kuchagua unaweza kuchagua mwenyewe. Kuunganisha kwenye gridi si kazi ya kujifunzia.

Hatua ya 1: Hakikisha unazihitaji kweli

Naanza hapa kwa sababu watu wengi wangeishia hapa na kuokoa pesa zao.

Kama huna gridi kabisa, yaani unaishi kwa betri na jua, mikroinveta si njia yako. Nyingi zake haziwezi kuwasha nyumba zenyewe. Husubiri kwanza zione umeme wa gridi ndipo zianze kazi. Nunua inveta ya betri na kidhibiti chaji, usisome zaidi ya hapa.

Kama paa lako ni upande mmoja mpana, halina kivuli, na paneli zote zinaangalia kule kule, inveta moja ya ukutani itakupa karibu mavuno yale yale kwa gharama ndogo zaidi. Ikiharibika, fundi anaifikia akiwa amesimama sakafuni. Usikubali kuambiwa kwamba mikroinveta huongeza umeme kwenye paa la aina hiyo. Tofauti ni ndogo mno.

Mikroinveta zinalipa pale ambapo paa limekatika pande mbili tatu, ambapo bomba la moshi, tangi la maji au mti wa jirani hupitisha kivuli juu ya paneli chache, ambapo unaanza na paneli nne na kutaka kuongeza baadaye, au ambapo hutaki nyaya za DC za volti mia kadhaa zipite juu ya dari. Hilo la mwisho si woga wa bure. Toleo la 2017 la kanuni za umeme za Marekani lilidai kwamba mfumo ukizimwa, nyaya zilizo ndani ya eneo la paneli paani zishuke hadi volti 80 au chini yake ndani ya sekunde 30, kwa ajili ya usalama wa wazima moto. Mikroinveta hutimiza sharti hilo kwa maumbile yake.

*Onyo:* paneli iliyofunikwa na kivuli haitafufuliwa na mikroinveta. Itatoa kidogo vile vile. Faida ni kwamba haitaziburuta wenzake. Kama kivuli kimelala juu ya paneli kutwa nzima, ihamishe paneli.

Hatua ya 2: Anza na gridi, si na paneli

Mikroinveta hufuata gridi. Hupima volti na herzi zake, hujipanga nazo, kisha ndipo husukuma umeme. Kwa hiyo ya gridi ya volti 230 herzi 50 si ya gridi ya volti 240 ya Marekani yenye herzi 60, hata kama namba zinakaribiana. Ukiona bei nzuri kupita kiasi kwenye soko la mtandaoni, kitu cha kwanza kukagua ni nchi ambayo kifaa kilitengenezewa.

Kagua mambo manne kwenye karatasi ya vipimo:

Kwanza, volti na herzi za kutolea. Pili, fezi: nyumba ya fezi moja huchukua mikroinveta za fezi moja, nyumba ya fezi tatu inaweza kuchukua za fezi tatu, au za fezi moja zilizogawanywa sawa. Zikiwa 12, weka nne kwenye kila fezi. Tatu, cheti. Marekani hutazamwa UL 1741 pamoja na IEEE 1547, Ulaya EN 50549, Ujerumani VDE-AR-N 4105, Australia na New Zealand AS/NZS 4777.2. Shirika lako la umeme litakuambia linataka kipi, na bila hicho maombi yako hayatapita. Nne, wasifu wa gridi: mikroinveta nyingi husubiri kuwekewa mpangilio wa nchi wakati wa kuwashwa, na mpangilio wa nchi nyingine utazifanya zizime bila sababu inayoeleweka.

Sasa lile swali la umeme kukatika. Jibu ni hapana, taa hazitawaka, isipokuwa kwa mipangilio ya hatua ya 8. Gridi ikizima, mikroinveta nazo huzima mara moja, jua liwe kali namna gani. Zimeundwa hivyo makusudi: fundi wa shirika akipanda nguzo akijua waya umekufa, asikute umeme unaotoka paani kwako. Gridi ikirudi, hazirukii kazini papo hapo. Hukaa zikiitazama, kwa muda unaotegemea kanuni za nchi. Dakika tano ni muda wa kawaida kwa mipangilio ya Marekani.

Uliza pia kuhusu mita. Kuna mita za kidijiti ambazo umeme ukitoka kwenda gridi huuhesabu kama umetumiwa na wewe. Utakuwa unalipishwa kwa kugawa. Ama shirika libadilishe mita, ama uchague mfumo unaoweza kuzuia umeme usitoke nje ya nyumba.

Hatua ya 3: Linganisha volti

Hapa ndipo vifaa huungua, kwa hiyo tulia.

Kwenye karatasi ya paneli tafuta Voc. Hiyo ni volti ya paneli ikiwa juani bila kuunganishwa na chochote. Imepimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Paneli ikipoa, volti hupanda. Asubuhi ya baridi yenye jua safi, kabla mikroinveta haijaanza kuvuta umeme, ndipo volti huwa juu kuliko wakati wowote.

Chukua mfano: paneli ya wati 450, Voc volti 49.5, na kipimo cha badiliko la volti kwa joto ni -0.27% kwa kila nyuzi. Eneo lako hushuka hadi nyuzi 5.

1. Tofauti ya joto: 25 kutoa 5 ni nyuzi 20.
2. Ongezeko: 20 mara 0.27 ni asilimia 5.4.
3. Volti ya juu kabisa: 49.5 mara 1.054 ni volti 52.2.

Sasa angalia upande wa mikroinveta, mstari wa volti ya juu ya kuingilia. Ikiwa ni 60, umepita na nafasi ikabaki. Ikiwa ni 50, tazama mtego ulivyo: mezani 49.5 ni chini ya 50, muuzaji atakuambia inafaa, na asubuhi ya kwanza yenye baridi itakuwa imepitwa. Uharibifu wa aina hii waranti haiufidii.

Upande wa chini hauna hatari, ila hula mavuno. Paneli ya mfano wetu hufanya kazi kwa takribani volti 41 mezani, na juu ya paa lenye joto kali hushuka kama hadi 35. Hiyo 35 iwe bado ndani ya eneo la MPPT la mikroinveta, yaani eneo la volti ambamo inaweza kutafuta nguvu ya juu ya paneli.

Watengenezaji wengine huandika tu idadi ya seli: 60, 72, 120, 144. Ni dokezo, si ruhusa. Piga hesabu hata hivyo.

Hatua ya 4: Linganisha ampea

Namba mbili zinachanganya watu. Kuna ampea za juu ambazo mikroinveta itavuta wakati wa kazi, na kuna ampea za juu za shoti inazoweza kuvumilia mlangoni. Hazina uzito sawa.

Isc ya paneli, yaani ampea zake ukigusanisha nyaya, lazima iwe chini ya kikomo cha shoti cha mikroinveta. Hilo ni suala la usalama. Imp ya paneli, yaani ampea za kazi, ikizidi kidogo kikomo cha kazi, mikroinveta itachukua inachoweza na kuacha kilichobaki. Hilo ni suala la mavuno tu.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Paneli za seli kubwa za milimita 210 hupita ampea 18 za Isc, na mikroinveta nyingi zilibuniwa kwa paneli za ampea chache zaidi. Na paneli zinazopokea mwanga pande zote mbili huongeza ampea kutokana na mwanga unaorudi kutoka chini, hasa juu ya paa jeupe; tumia namba zilizojumlisha mgongo, ambazo karatasi nyingi huzitoa kwenye jedwali la pembeni.

Hatua ya 5: Sasa wati

Paneli ya wati 450 na mikroinveta ya 380. Mgeni akiona hivyo hudhani anaibiwa wati 70. Haibiwi.

Zile wati 450 ni za maabara, seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya paa mchana seli hufikia nyuzi 60 bila shida. Paneli inayopoteza 0.34% kwa kila nyuzi itakuwa imepoteza asilimia 11.9, na kubaki na wati 396 hivi. Toa vumbi, toa pembe ya paa isiyo kamilifu, na utaona kwamba 380 huguswa kwa muda mfupi tu wa siku chache. Muda huo grafu ya uzalishaji hukatika kilele na kuwa bapa. Kinachopotea kwa mwaka ni kidogo, na mara nyingi hakilipi bei ya mikroinveta kubwa zaidi.

Gawa wati za paneli kwa wati za mikroinveta. Kati ya 1.1 na 1.3 uko sawa. Hapa ni 450 kwa 380, yaani 1.18. Sehemu za juu zenye baridi na anga safi, kaa karibu na 1.1. Paneli zinazoangalia upande usio na jua kali zinaweza kwenda 1.3 au zaidi bila hasara yoyote ya maana.

Soma mstari sahihi. Karatasi nyingi zina namba mbili: nguvu ya kilele na nguvu ya kuendelea. Ya kuendelea ndiyo ya kulinganisha. Na jina la modeli si kipimo. Kuna za kuunganishwa na paneli mbili ambazo namba kubwa kwenye jina ni jumla ya milango yote miwili.

Hatua ya 6: Ya paneli moja, mbili au nne?

Kampuni ya Enphase imejijenga kwa mikroinveta za paneli moja moja. Wenzake APsystems na Hoymiles wana za paneli mbili na nne pia. Bei kwa paneli hushuka kadiri milango inavyoongezeka, kwa kuwa boksi, plagi na saketi ya kutolea hutumiwa kwa pamoja. Kinachopanda ni hasara siku kifaa kimoja kikifa: paneli moja, mbili, au nne kwa mpigo.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ina MPPT ngapi, yaani saketi ngapi za kutafuta nguvu ya juu ya paneli? Ya paneli nne yenye MPPT nne hushughulikia kila paneli peke yake. Ya paneli nne yenye MPPT mbili huzifunga paneli mbili mbili, na kila jozi lazima ifanane na kuangalia upande mmoja. Mtu akinunua ya pili akidhani ni ya kwanza, ile faida ya kivuli aliyoifuata imepungua nusu.

Mimi nikiulizwa, kwa nyumba ya paneli sita hadi ishirini napendelea za paneli mbili zenye MPPT mbili, isipokuwa pale kivuli kimetapakaa au paneli zimekaa moja moja kwenye vipande vya paa. Za paneli nne naziona zinafaa zaidi paa pana la ghala kuliko la nyumba.

Idadi ya paneli ikiwa witiri, mwongozo utakuambia kama mlango mmoja unaweza kubaki wazi. Ukiruhusiwa, uzibe kwa kifuniko chake. Maji huingia pale pale usipopatazama.

Hatua ya 7: Hesabu matawi

Mikroinveta huunganishwa kwa kebo kuu inayopita chini ya paneli, na kila kundi kwenye kebo moja huishia kwenye breka yake. Kundi hilo ndilo tawi.

Mikroinveta ya 380 kwa volti 230 hutoa ampea 1.65. Breka ya ampea 20 inayobeba mzigo wa saa nyingi mfululizo isizidishwe asilimia 80, yaani ampea 16. Gawa 16 kwa 1.65, unapata 9.7. Chukua tisa. Usikaribishe kwenda kumi. Kisha angalia mwongozo, kwa sababu mtengenezaji naye huweka kikomo chake kwa kila tawi kulingana na kebo yake. Kidogo kati ya namba mbili ndicho chako. Ukiwa na paneli 14 na mikroinveta za moja moja, weka saba na saba, si tisa na tano.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kupanda kwa volti. Ili umeme utoke paani kwenda kwenye kisanduku, volti za paani lazima ziwe juu kidogo kuliko za kisanduku. Waya ukiwa mwembamba au mrefu, kidogo hicho huwa kingi. Tawi letu la ampea 15, umbali wa mita 20, yaani mita 40 kwenda na kurudi:

- waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba: volti 4.4, karibu asilimia 1.9
- milimita 4: volti 2.8, asilimia 1.2
- milimita 6: volti 1.85, asilimia 0.8

Kwa gridi ambayo mchana tayari iko volti 245, hizo 4.4 zinakusogeza hadi karibu 250, na nchi nyingi za volti 230 huweka kikomo kwenye 253. Nunua waya mnene. Na kama tawi ni refu, liingilie katikati badala ya mwishoni, ili kila upande ubebe nusu.

Hatua ya 8: Betri na jenereta

Mikroinveta hazichaji betri moja kwa moja, kwa sababu zinatoa AC. Zinaungwa upande wa AC wa inveta ya betri. Gridi ikikatika, inveta ya betri hujitenga na gridi na kuigiza gridi, mikroinveta nazo hudanganyika na kuendelea. Betri ikijaa, inveta hupandisha herzi kidogo na mikroinveta hupunguza kasi. Hivyo mikroinveta lazima ziwe za aina inayopunguza nguvu herzi zikipanda, na inveta ya betri iwe inakubali mpangilio huu. Victron, kampuni ya inveta za betri, kwa mfano, inataka nguvu ya inveta za sola isizidi nguvu ya inveta ya betri, na betri iwepo.

Mfululizo wa IQ8 wa Enphase, uliotoka 2021, unaweza kuunda gridi ndogo wenyewe wakati wa jua, hata bila betri. Lakini unahitaji kifaa cha kutenga nyumba na gridi, ambacho hununuliwa kando. Usinunue IQ8 peke yake ukisubiri taa wakati wa giza.

*Onyo kubwa:* jenereta inaweza kuonekana na mikroinveta kama gridi. Zitaamka na kusukuma umeme kuelekea kwenye jenereta, ambayo haina pa kuupeleka. Ziungwe upande wa gridi wa swichi ya kubadilishia, ili nyumba ikihamia jenereta zenyewe zibaki nje.

Hatua ya 9: Mawasiliano, joto na waranti

Kisanduku cha mawasiliano hukusanya taarifa za kila mikroinveta. Zingine hutuma kupitia nyaya zile zile za umeme, zingine kwa redio. Paa la mabati na kuta nene hudhoofisha redio. Chaja na taa za bei rahisi huchafua mawasiliano ya kwenye nyaya. Hakuna kisanduku kinachosoma kampuni zote, kwa hiyo kampuni unayoanza nayo ndiyo utakayoongeza nayo. Bila intaneti umeme huendelea kuzalishwa kama kawaida.

Chagua yenye kinga ya IP67 dhidi ya vumbi na maji, na inayovumilia hadi nyuzi 65. Ifungwe kivulini chini ya paneli, hewa ikipita.

Waranti soma yote. Miaka 25 kwenye bango inaweza kuwa 12 katika nchi yako. Na uliza: inalipa kifaa tu, au na fundi wa kupanda paani? Kununua akiba moja tangu mwanzo ni busara, kwani baada ya miaka kumi modeli yako huenda isipatikane.

Hatua ya 10: Andika orodha ya manunuzi

Mikroinveta pekee hazitoshi. Ongeza kebo kuu yenye nafasi zinazolingana na upana wa paneli zako zikiwa zimelala au zimesimama, kifuniko cha mwisho wa kebo, vifuniko vya soketi zisizotumika, zana ya kufungulia plagi, kisanduku cha mawasiliano, breka za matawi, swichi ya kutenga, kinga ya radi upande wa AC, na waya wa ethi kama mwili wa kifaa ni wa chuma.

Plagi za DC ziwe za kampuni moja pande zote mbili. Maneno "zinaingiliana na MC4" (plagi za kawaida za paneli) yasikutulize: zinaingia, zinabana, na baada ya miezi zinaanza kupata joto kwa sababu vyuma vya ndani havikubuniwa pamoja.

Siku ya kufunga, kila mikroinveta ina stika ya msimbo inayobanduka. Chora paa kwenye karatasi, kisanduku kwa kila paneli, weka alama ya kaskazini, na bandika kila stika mahali pake kabla paneli haijafunika kifaa. Kisha piga picha. Paneli zikishalazwa, kuisoma namba ya ile ya katikati ni kufungua paneli tatu.

Ikigoma

*Hakuna hata moja inayozalisha.* Subiri dakika tano baada ya kuwasha. Kisha angalia breka, umeme wa gridi, na wasifu wa nchi. Taa ndogo kwenye kifaa husaidia: kwa Enphase, nyekundu inayowaka na kuzima maana yake haioni gridi iliyo sawa, ya chungwa maana yake gridi ni nzuri ila mawasiliano hayapo.

*Tawi zima huzima saa sita mchana na kurudi jioni.* Ni volti kuwa juu. Pima kwenye kisanduku na mwisho wa tawi kwa wakati mmoja. Tofauti ikiwa kubwa, waya wako ni mwembamba au kiungo kimelegea. Ikiwa volti iko juu hata kwenye kisanduku, hilo ni la shirika la umeme.

*Grafu ni bapa juu mchana.* Si hitilafu. Rudi hatua ya 5.

*Paneli moja iko chini kuliko zingine.* Angalia kivuli na uchafu, kisha plagi. Ukikosa, badilishana mikroinveta na ya jirani. Tatizo likihama, ni mikroinveta. Likibaki, ni paneli. Zima breka ya AC kwanza, chomoa AC, halafu ndipo uchomoe DC. Plagi ya DC ikichomolewa umeme ukiwa unapita hutoa cheche, na cheche ya DC haijizimi haraka.

*Programu inaonyesha sifuri lakini bili imeshuka.* Mawasiliano yamekatika, uzalishaji upo. Sogeza kisanduku karibu na breka za sola, au mbali na chaja.

*Programu inasema nyumba inauza umeme usiku.* Kihisi cha ampea kimefungwa kinyume. Tazama mshale uliochorwa juu yake na ukigeuze.

*Hitilafu hujitokeza baada ya mvua na kuondoka jua likiwaka.* Maji yameingia kwenye kiungo. Anza na soketi zisizotumika na kifuniko cha mwisho wa kebo, kisha plagi zinazogusa bati. Usiziwashe kwa nguvu zikiwa zimelowa. Acha breka ikiwa chini hadi kiungo kipatikane na kubadilishwa.